Mzoga wa Kuacha na Mzoga wa Kufungua: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kwa wafugaji na maafisa mifugo walio jirani na hifadhi, na karibu zote zinahusu mzoga: uguswe au usiguswe, kikatwe nini, kifungwe vipi. Tunaanza na swali lisiloweza kusubiri.

Ng'ombe wangu wawili wamekutwa wamekufa alfajiri. Jana jioni walikuwa wazima. Puani inatoka damu nyeusi isiyoganda. Wiki iliyopita nyumbu kadhaa walikufa karibu na mto huohuo. Jirani anataka tuwapasue tujue kilichowaua. (Mfugaji, Longido)

Msiwapasue. Kifo cha ghafla, damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, tumbo linalovimba haraka na mwili usiokakamaa vizuri: hicho kichukulieni kuwa ni kimeta mpaka maabara iseme vingine. Nyumbu waliokufa jirani wanaongeza uzito wa shaka hiyo.

Sababu iko kwenye hewa. Mzoga ukibaki mzima, bakteria wa kimeta walio ndani hukosa oksijeni, hushindwa kujigeuza kuwa spora (hali yao ya usingizi, yenye ganda gumu), na uozo huwamaliza baada ya siku chache. Kisu kikipita tu, damu hukutana na hewa na spora huanza kuumbika. Spora hizo hukaa udongoni miongo kadhaa. Kwa hiyo fisi na tumbusi nao ni wapasuaji: funikeni mzoga kwa turubai, wekeni miiba juu, na mtu abaki hapo kulinda.

Sampuli hupatikana bila kufungua mzoga. Afisa mifugo avae glavu, achome mshipa wa sikio kwa sindano, apake tone la damu kwenye slaidi mbili na kuziacha zikauke. Maabara huzitia rangi ya methilini buluu iliyokomaa, kisha hutafuta vijiti vya buluu vyenye ncha zilizokatwa mraba, vilivyopangana kama mabehewa, na kila kijiti kimezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Huo utando ndio ushahidi. Mzoga ukishalala siku moja au mbili juani, utando huharibika na bakteria wa uozo, nao wana umbo la vijiti, hujaa kila mahali. Ng'ombe aliyechomwa antibaiotiki kabla ya kufa anaweza kuwa na slaidi safi ingawa kimeta ndicho kilichomuua, kwa hiyo andikeni dawa aliyopewa kwenye fomu.

Mzoga uchomwe palepale mpaka uwe majivu, au uzikwe kwenye shimo la mita 2. Usiburutwe, kwa kuwa kila hatua ya kuburuta inapanda damu ardhini. Chokaa, ingawa watu wengi wameizoea, tunashauri isiwekwe: kalsiamu yake inaweza kuzisaidia spora kudumu. Kundi lililobaki lipimwe joto; wenye homa watibiwe, wasio na homa wachanjwe. Msimchanje na kumpa antibaiotiki mnyama huyohuyo kwa wakati mmoja, maana chanjo ya kimeta ni bakteria hai na dawa itaiua. Mtu yeyote aliyegusa au kula nyama hiyo, akiota kidonda kisichouma chenye gamba jeusi katikati, aende hospitali siku hiyohiyo na ataje ng'ombe.

Tulipeleka maabara ini zima la mbuzi na ubongo wa ng'ombe aliyeshukiwa kichaa cha mbwa, vyote ndani ya ndoo ya formalini. Tumejibiwa kwamba sampuli hazifai. Formalini ilikuwa tele, tena kali. Kosa liko wapi? (Afisa mifugo, Bunda)

Makosa ni matatu, na ukali wa formalini ni mojawapo.

Formalini ya dukani, dawa ya kuzuia sampuli isioze, ni myeyusho wa formaldihaidi wa asilimia 37 hadi 40. Ukiitumia hivyohivyo, ngozi ya nje ya kipande hukakamaa kama ganda na kuizuia dawa isiingie, huku ndani panaendelea kuoza. Inayotakiwa huitwa formalini ya asilimia 10: mililita 100 za hiyo ya dukani, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni moja. Chumvi hizo mbili hudhibiti tindikali. Zikikosekana, chembe za kahawia nyeusi hujitokeza kwenye nyama yenye damu nyingi kama bandama, na asiyezijua atadhani ni vimelea.

Kosa la pili ni unene. Formalini hupenya polepole sana, takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha huzidi kupunguza mwendo. Kwa ini zima maana yake ni kwamba katikati pataoza kabla dawa haijafika. Kata kipande kisichozidi sentimita 1 kwa unene. Nusu sentimita ni bora zaidi. Kata mpakani, pale ambapo sehemu mbovu inakutana na iliyo nzima. Katikati ya jipu hamna cha kusomeka, ni usaha mtupu. Weka sehemu 10 za formalini kwa sehemu 1 ya nyama. Chombo kiwe na mdomo mpana: kipande laini utakisukuma kipite kwenye shingo ya chupa ya maji, lakini kikishakakamaa hakitoki, na mtu wa maabara atalazimika kuipasua chupa. Andika lebo kwa penseli. Wino wa peni huyeyuka, na tumeshapokea makopo manane yenye karatasi nyeupe ndani.

Kosa la tatu ni la kichaa. Kipimo cha kawaida, kile cha kingamwili zinazong'aa, kinahitaji ubongo mbichi, nanyi mmeuzamisha wote. Ng'ombe akishukiwa tena, vaeni miwani, barakoa na glavu nene, na anayefanya kazi hiyo awe ameshachanjwa. Tenganisheni kichwa na shingo kwenye kiungo cha kwanza. Kwenye tundu kubwa la fuvu ingizeni mrija wa plastiki wa kunywea, wenye upana wa milimita 5, mkiuelekeza jichoni huku mkiuzungusha. Ubane, uvuteni, kisha minyeni kilichomo ndani ya kichupa. Mtakuwa mmepata shina la ubongo na sehemu ya ubongo mdogo bila msumeno na bila vumbi la mfupa. Kichupa kikae kwenye barafu. Pasipo na barafu, tumieni gliserini ya asilimia 50 katika maji ya chumvi yenye bafa (chumvi za kudhibiti tindikali). Kipande kingine kinaweza kwenda kwenye formalini, lakini katika chombo tofauti: mvuke wake ukikaa kasha moja na sampuli za kuotesha bakteria, utawaua.

Msigandishe kitu chochote kinachokwenda kwenye hadubini. Barafu inayoumbika ndani ya seli huzipasua, na tutakachoona ni matundu.

Wazee wanasema kondo la nyuma la nyumbu ndilo linaloua ng'ombe wetu kila baada ya msimu wa kuzaa. Ni kweli? (Mfugaji, Ngorongoro)

Wazee wako sahihi kuhusu nyumbu na kuhusu msimu. Kondo ndilo halihusiki. Kinachoua ni kirusi cha ugonjwa wa nyumbu; mtafiti wa mifugo Walter Plowright, akiwa kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alikitenga kutoka kwa nyumbu mwaka 1960. Nyumbu mwenyewe haugui. Ndama wake huambukizwa mapema mno, na katika miezi mitatu hivi ya mwanzo hutoa virusi vingi kwa makamasi na machozi. Ng'ombe huvipata malishoni. Jua kali huviua haraka, hivyo majani mabichi ya asubuhi ndiyo ya kuogopa. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo kumtenga hakuokoi kundi. Kinachookoa ni kuhama, kama mnavyofanya, mpaka ndama wa nyumbu wapite miezi mitatu au minne.

Ugonjwa huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na nyumbu huenda wakawa wameshaondoka. Tazameni jicho kwa karibu. Katika ugonjwa wa nyumbu ukungu mweupe huanzia pembeni ya mboni na kusogea katikati, mara nyingi macho yote mawili, pamoja na homa kali, makamasi mazito na mitoki iliyovimba. Ugonjwa wa kawaida wa macho unaoenezwa na nzi huanzia katikati. Tofauti hiyo ndogo inawaepusha na gharama za dawa zisizosaidia, kwa kuwa ugonjwa wa nyumbu hauna tiba na karibu kila ng'ombe anayeugua hufa.

Kwa uthibitisho tunahitaji figo (angalieni madoa meupe juu yake), ini, tezi, ubongo na ule mtandao wa mishipa midogo ya damu ulio chini ya ubongo. Ndipo tunapoona chembe nyeupe za damu zikizishambulia kuta za mishipa. Wapasuaji wengi huuacha mtandao huo ndani ya fuvu.

Simba wa Serengeti waliuawa na homa ya mbwa mwaka 1994. Mbona simba hao walikuwa wameshawahi kuipata na wakapona? (Mwanafunzi, Morogoro)

Takriban theluthi moja ya simba walikufa, kama 1,000 kati ya 3,000. Damu iliyohifadhiwa ya miaka ya nyuma ilionyesha kweli kwamba kirusi kilishapita bila vifo vingi. Kilichobadilika ni kupe. Ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati wakajaa kupe, simba wakawala nyati hao na kupata Babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, kwa wingi usio wa kawaida. Kirusi kikabomoa kinga, Babesia ikamaliza kazi. Hali hiyo ilijirudia Ngorongoro mwaka 2001. Chanjo kwa mbwa wa vijijini ina faida zake, ila utafiti wa baadaye ulionyesha kirusi kiliendelea kuwafikia simba hata mbwa walipochanjwa.

Nikipasua ng'ombe, utando wa ndani wa tumbo kubwa unabanduka kwa kidole. Je, ni sumu? (Mchinjaji, Babati)

Hapana, hivyo ndivyo unavyokuwa saa chache baada ya kifo. Ini lenye rangi ya kijani karibu na nyongo ni vivyo hivyo, na pafu jekundu la upande aliolalia pia. Ukitaka kujua kama tumbo lilijaa gesi kabla ya kufa au baadaye, pasua umio kwa urefu wake wote: aliyekufa kwa gesi ana umio mwekundu wa damu sehemu ya shingoni na uliopauka sehemu ya kifuani, na mpaka wa rangi hizo mbili unaonekana wazi.