Maswali ya Wasomaji: Hesabu ya Kuondoka Iko Wapi?

Swali: Shikamoo Mama Rubani. Nina leseni ya urubani na saa 140 angani, karibu zote kwenye viwanja vya lami. Rafiki yangu wa Whitehorse, Kanada, mwenye Cessna 180, amenialika mwezi Julai twende naye kutua kwenye kiwanja kilichoachwa kando ya barabara ya zamani ya Canol, milima ya Mackenzie. Ramani inakionyesha, na kwenye picha ya setilaiti nimepima mita 600. Ndege yenyewe inatua kwa chini ya nusu ya hapo. Je, kuna la kuhofia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenipigia hesabu ya kutua tu. Ya kuondoka iko wapi?

Nakuuliza kwa sababu nami nilizoea kuipiga hiyo ya kutua peke yake. Mwaka wangu wa tatu wa kurusha ndege Yukon, eneo la Kanada uliko mji wa Whitehorse, nilikwenda na Cessna 185 kuwachukua wapima madini wawili kwenye kiwanja cha aina hiyo, mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nilitua asubuhi vizuri kabisa. Tukapakia watu na mifuko ya mawe yao, saa nane mchana tukaanza kuondoka, joto likiwa nyuzi 26. Kwa joto hilo hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba kiwanja kiko karibu mita 1,900. Katikati ya njia magurudumu yakaingia kwenye changarawe laini na mwendo ukakataa kupanda. Nilikata nguvu, nikasimama mita 20 hivi kabla ya vichaka vya mierebi. Niliposhuka, magoti yalikuwa yanatetemeka.

Mawe tuliyaacha palepale. Tulilala chini ya bawa, na saa kumi alfajiri, joto likiwa nyuzi 6, nikaondoka na abiria mmoja, kisha nikarudi kumchukua wa pili. Kiwanja kilikuwa kilekile na injini ileile. Kilichobadilika ni uzito na baridi.

Sasa fikiria hicho chenu. Mradi wa Canol ulikuwa wa vita: ujenzi ulianza 1942 ili mafuta ya Norman Wells yafike Whitehorse kwa bomba. Yalianza kufika 1944, na 1945 mradi ukafungwa. Kazi ilifanywa kwa haraka, wala hakuna aliyedhani mtu angekuja kutua humo baada ya miaka themanini. Kiwanja kikikosa mtunzaji, mitaro huziba na maji hukata njia. Penye udongo ulioganda chini, kuyeyuka na kuganda upya huinua sehemu moja na kuzamisha nyingine. Kindi wa ardhini wanachimba mashimo, na mierebi inaota kuanzia pembeni kuja katikati. Mita 600 ulizozipima angani huenda mita 350 tu ndizo zinazofaa. Picha ya setilaiti haikuonyeshi shina la mwerebi lenye unene wa kidole gumba, na hilo linatosha kuharibu ncha ya propela.

Kwa hiyo mkifika, msitue mara ya kwanza. Piteni juu, kisha chini kando ya njia, mmoja aendeshe na mwingine atazame ardhi. Kwa mwendo wa kilomita 111 kwa saa mnapita karibu mita 31 kila sekunde: hesabuni sekunde za sehemu iliyo safi, na mkumbuke kwamba upepo wa nyuma au wa mbele utawadanganya. Kama hakuna soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, tazameni ziwa la karibu. Ukanda wa maji tulivu huwa upande ule upepo unakotokea. Rafiki yako, kama ni mzoefu, ataburuza magurudumu ardhini kidogo huku injini ikivuta, ili ausikie udongo, kisha apande tena. Wewe kwa saa zako 140 usijaribu hilo. Mwachie yeye usukani, na hilo nalisema bila kukudharau.

Mkishatua, zimeni injini mtembee njia nzima kwa miguu kabla hata ya kuchemsha chai. Pale ambapo kisigino kinazama, wekeni jiwe lenye kitambaa. Chagueni alama katikati ya njia: mkifika hapo bila kuwa na asilimia 70 ya mwendo wa kupaa, mnakata nguvu bila mjadala.

Sheria ya Kanada inataka mpango wa safari mkivuka maili 25 za baharini kutoka mlikoanzia, nanyi mtavuka mbali sana. Mpeni mtu mnayemwamini, mwambieni saa ya kuanza kuwatafuta. Kitoa ishara cha dharura kiwe cha megahezi 406. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009, kwa hiyo hakikisheni ndege yenu haikubeba kile cha kale. Chakula, shoka, viberiti na chandarua cha uso viwe mahali mnapoweza kuvifikia hata ndege ikipinduka. Usicheke chandarua, mbu wa Julai kule wanaweza kumfanya mtu ashindwe kufikiri.

Mkirudi niandikie mlikuta mita ngapi.