Mdanganyifu Huondoka na Medali ya Mwenzake

Swali: Tulimwona Ben Johnson kwa macho yetu, Olimpiki ya Seoul 1988, akimaliza mita 100 kwa sekunde 9.79. Kwa nini dhahabu akapewa Carl Lewis?

Jibu: Mliona mbio. Stanozolol, dawa haramu ya kujenga misuli iliyokuwa kwenye mkojo, hamkuiona.

Swali: Kama wote hutumia dawa, si mshindi anabaki mshindi? Mrudishieni mwendesha baiskeli Lance Armstrong mataji yake.

Jibu: Swali hili haliishi, hubadilika jina la mwanamichezo tu. Nani aliwahesabu hao "wote"? Isitoshe, EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, haiwafai watu wote sawasawa. Mwili mmoja huiitikia kuliko mwingine, na mwenye fedha hupata daktari mjanja zaidi. Mataji yake 7 ya Tour de France, ya 1999 hadi 2005, yalipofutwa mwaka 2012, hakupewa mtu mwingine. Nami ningeziacha nafasi hizo wazi.

Swali: Ruth Chepngetich kafungiwa miaka 3. Mbona rekodi yake ya marathoni haijafutwa?

Jibu: Jamani, someni tarehe kabla ya kuandika. Alikimbia Chicago kwa 2:09:56 Oktoba 2024, sampuli iliyomtia hatiani ni ya Machi 2025. Matokeo hufutwa kuanzia siku ya sampuli, labda upatikane ushahidi wa nyuma. Ndiyo maana Jemima Sumgong, mkimbiaji wa marathoni aliyenaswa na EPO 2017, bado ana dhahabu ya Rio 2016. Inaudhi, lakini tukianza kufuta kwa kushuku tu, hakuna atakayesalimika.

Swali: Wengine hawakujua wanachopewa. Si mnawaonea?

Jibu: Wapo, na mfano mkubwa ni Ujerumani Mashariki. Wasichana wadogo walipewa Oral-Turinabol, dawa ya kujenga misuli, wakiambiwa ni vitamini, na afya zao zikaharibika. Hao nawahurumia. Mkuu wa michezo wa nchi hiyo, Manfred Ewald, alitiwa hatiani mwaka 2000 akapata kifungo cha nje. Basi! Makocha, madaktari na mawakala ndio hukwepa siku zote, na msipowaandama hao mtabaki kufukuzana na wakimbiaji.

Lakini mbona hamniulizi kuhusu walioshindwa? Shirley Babashoff, muogeleaji wa Marekani, alitoka Montreal 1976 na medali nne za fedha, zote nyuma ya Wajerumani hao. Aliposema wazi kuwa kuna dawa, magazeti yakamwita mwenye kinyongo. Medali zile hazijabadilishwa hadi leo. Waliodanganywa wabaki na huruma yetu, dhahabu ziende kwa wenyewe. Na ziende upesi: timu ya Marekani ya kuteleza kwenye barafu ilishindana Beijing 2022, ikasubiri kesi ya dawa ya Mrusi iishe, ikavishwa dhahabu Paris 2024. Nani alikuwa bado anashangilia?

Swali: Virutubisho vya dukani vinaweza kunifungia?

Jibu: Ndiyo, na "sikujua" haikuokoi. Hata vidonge vya presha: hidroklorothiazaidi, iliyomponza Chepngetich, hutolewa kila siku hospitalini. Usimeze dawa ya mwenzako, na ukiandikiwa na daktari, omba kibali kabla ya kushindana.