Siku kumi kwa gari kwenye miji ya vilimani Italia: futa minne, na gari liache chini

Mkuu, nimesoma ratiba yako mara mbili. Mko watatu, wewe, shemeji na mama. Siku kumi, mwezi wa tisa, gari mnachukua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, mkishuka tu kwenye ndege, na kila usiku mnalala mji mwingine: Orvieto, Civita di Bagnoregio, Assisi, Gubbio, Cortona, Pienza, Siena, San Gimignano, Volterra. Umeuliza muanzie upande gani. Mimi nasema kwanza futa minne, ndipo tuongee habari ya kuanzia.

Nilishafanya kosa hilo hilo. Mwaka 2018 mimi na mke wangu tulilala vitanda saba ndani ya siku tisa. Ninachokikumbuka vizuri kuliko makanisa yote ni mlio wa magurudumu ya sanduku juu ya mawe, jua kali, na ngazi zisizoisha. Mwaka 2023 tulirudi na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, tukalala sehemu mbili tu. Tuliona miji michache na tukafurahi zaidi, na hakuna aliyenuniana na mwenzake.

Kilometa za kule zinadanganya. Kwenye ramani Cortona na Pienza ni pua na mdomo, lakini nje ya autostrada, yaani barabara kuu za mwendo kasi, njia inapanda, inashuka na kujikunja kama unakwenda Lushoto, na mbele yako kuna trekta ambalo halina haraka. Mimi nahesabu kilometa 45 kwa saa, basi. Halafu mji wenyewe huingii na gari: unaegesha chini, unapanda kwa miguu, unashuka. Kila mji unakula nusu siku nzima hata ukiwa mdogo kama kiganja.

Gari usichukue siku ya kushuka. Umekesha kwenye ndege, halafu uanze kuendesha upande wa kulia kwenye barabara ya mzunguko ya Roma? Hapana. Ingieni mjini kwa treni, ni kama nusu saa hadi stesheni kuu ya Termini, laleni siku mbili, kisha asubuhi ya siku ya tatu rudini uwanjani kulichukua. Kutoka pale unaifuata barabara kuu ya A1 kuelekea kaskazini bila kukanyaga katikati ya Roma.

Leseni yetu peke yake haitoshi, beba na ile ya kimataifa. Kadi ya mkopo iwe na jina la dereva, maana wanashikilia dhamana humo. Kama hutaki gia za mkono, agiza gari la oto mapema, ni machache na bei yake imechangamka. Mimi nilichukua la gia. Siku ya kwanza kila nikitaka kubadilisha gia mkono wa kushoto unagonga mlango, mke wangu anacheka mpaka machozi. Kipilefti nacho kinazunguka kinyume na chetu, kwa hiyo unayempisha anatokea kushoto. Na chagua gari dogo. Najua mna masanduku, lakini kuna vichochoro kule ambavyo ukikunja vioo vya pembeni ndiyo unapita.

Sasa la muhimu kuliko yote: ZTL. Ni eneo la katikati ya mji ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi, na karibu kila mji uliouorodhesha unalo. Hakuna geti wala trafiki, kuna kamera tu inayosoma namba za gari. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na chini yake saa za katazo. Pengine kuna na ubao wa taa ulioandikwa "varco attivo". Mimi na Kiitaliano changu cha kuokoteza nikajisemea, attivo, yaani kunafanya kazi, kumbe kumefunguliwa, tupite! Maana yake ni kinyume kabisa: kinachofanya kazi ni kamera, usipite. Ukiona "varco non attivo" ndiyo ruksa. Nikaingia, nikagundua nimepotea, nikazunguka kutafuta njia, nikapita kamera nyingine. Kwanza kampuni ya gari ilinikata pesa kwenye kadi kwa kazi ya kuwapa manispaa jina langu tu. Miezi minane baadaye, nimeshasahau Italia, barua mbili zikanifuata Dar, kila moja faini yake ya zaidi ya euro 80. Wana siku 360 za kumtafuta mtu anayeishi nje, usidhani watachoka.

Kwa hiyo usiifuate ramani ya simu hadi mlangoni mwa kanisa. Andika jina la maegesho, siyo jina la mji. Mistari ya bluu unalipia, myeupe kwa kawaida ni bure ila soma kibao, ya njano usiiguse. Na kama nyumba mnayolala iko ndani ya ZTL, muulize mwenyeji kabla kama anaweza kuisajili namba ya gari lenu, na mkumbushe tena mkifika.

Mpangilio ningeufanya hivi. Usiku mbili Roma. Usiku tatu mkoa wa Umbria, nyumba ya shambani kati ya Orvieto na Todi. Zinaitwa agriturismo, nyingi zina kifungua kinywa na uwanja wa kuegesha bila presha. Usiku nne bonde la Val d'Orcia, karibu na Pienza. Umesema ndege ya kurudi ni ya usiku, kwa hiyo siku ya mwisho mnateremka taratibu hadi Fiumicino.

Orvieto imekaa juu ya mwamba kama meza. Acheni gari chini, karibu na stesheni ya treni, mpande na funikulari, kile kitreni kinachovutwa na kamba kupanda mlima. Mama hatapanda mlima kwa miguu kufika juu. Civita ni jirani, lakini hapo nataka uwe mkweli kuhusu afya yake. Udongo wa pembeni umemomonyoka kwa karne nyingi, sasa njia ya kuingia ni daraja la miguu tu, refu, na mwishoni linapanda kweli kweli. Kiingilio tulilipa euro 5. Mama mkwe alilitazama lile daraja, akatutazama sisi, akasema, "Wanangu, nendeni, mimi naiona vizuri kutoka hapa." Akakaa kwenye benchi ng'ambo, na tuliporudi tukamkuta anamega mkate na bibi wa Kiitaliano, hakuna hata neno moja wanaloelewana. Tena ukweli ni kwamba mandhari yenyewe iko upande ule wa benchi. Ndani ya Civita utamaliza kuzunguka kwa dakika 20.

Assisi umesema ndiyo shauku ya mama, kwa hiyo ipe siku nzima. Egesheni juu, Piazza Matteotti, mpite kanisa la San Rufino, halafu njia yote ni mteremko hadi Basilika ya Mtakatifu Fransisko. Kurudi chukueni teksi au basi dogo. Abebe kanga ya kufunika mabega, hawataki mtu aliye wazi wazi.

Kutoka Pienza, Montepulciano ni kama dakika 20 (hukuiorodhesha, iongeze), Cortona na Siena kila moja ni safari ya siku. Gubbio, Volterra na San Gimignano nimezitoa, na wa nne, Civita, nakuachia uamue. Najua wadau watanipiga mawe kwa San Gimignano na ile minara yake 14. Ni mizuri, lakini kutoka Pienza ni mbali, na mchana mabasi ya watalii yanaijaza kama Kariakoo wiki ya Idi.

Ukiwa Montepulciano tazama bonde la Chiana chini yako. Zamani lilikuwa kinamasi chenye homa, ndiyo sababu moja ya watu kujenga juu, mbali na vita pia. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, hewa mbaya. Mama mkwe alipoelezwa akasema kumbe hawa nao ni wenzetu.

Vidogo vidogo: gasolio ni dizeli, siyo petroli, usije ukaua injini. Jikoni kwenye migahawa mingi kunafungwa baada ya saa nane na nusu mchana mpaka jioni, kwa hiyo wekeni mkate na jibini la Pienza garini. Ukiambiwa nyumba iko kwenye strada bianca, usiogope, ni rafu rodi ya changarawe. Wazungu wanailalamikia, wewe utajiona uko nyumbani.

Nijibu hili kabla hujalipia nyumba: mama anapanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika? Nyumba ya Pienza niliyotaka kukuelekeza ina chumba kimoja tu cha chini.