Umepangiwa Maendeleo ya Jamii Iringa: uende au uhame? Jibu la aliyeisoma

Mdogo wangu uliyeuliza juzi: umepangiwa Shahada ya Maendeleo ya Jamii Iringa, kaka yako anakwambia ni "digrii ya kupanga viti mkutanoni", na unataka kujua uende au usubiri dirisha la uhamisho ukimbilie Uhasibu. Nimesoma majibu uliyopewa hapa jukwaani. Wengi wamekujibu kwa uchungu wa ajira, na uchungu huo naujua, ila hakuna aliyekwambia darasani na fildi (mafunzo kwa vitendo) kuna nini. Mimi kozi hiyo nimeisoma, hapohapo Iringa mjini, nikamaliza 2018, na sasa nipo kwenye kata moja ya Mkoa wa Mbeya nafanya kazi hiyohiyo ya maendeleo ya jamii. Nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Kaka yako hajakosea sana. Viti nimepanga. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipanga viti sabini vya plastiki kwa ajili ya mgeni aliyetarajiwa saa nne, akafika saa nane, akaongea dakika sita, akaondoka na maji yake ya chupa. Kama hilo peke yake linatosha kukukatisha tamaa, hama tu, hutajuta.

Darasani mwaka wa kwanza ni sosholojia, saikolojia ya jamii, jinsia, stadi za mawasiliano, na sera nyingi mno. Sera ya Maendeleo ya Jamii ya 1996 tuliikariri kama tenzi. Takwimu ndiyo iliyonipa sapu (mtihani wa marudio), na leo ndiyo ninayoitumia kuliko somo lolote, cheka tu. Mwaka wa pili unakutana na usimamizi wa miradi, uandishi wa maandiko ya miradi, ufuatiliaji na tathmini, na mbinu shirikishi: ramani ya kijiji, kalenda ya msimu, mti wa matatizo (mchoro wa tatizo, mizizi yake na matokeo yake), kupanga vipaumbele kwa kulinganisha mawilimawili. Mitihani mingi haina ugumu wa kutisha, na nadhani jina baya la kozi limeanzia hapo. Mtu anaweza kupata B+ kwa kuorodhesha faida tano za ushirikishwaji wakati hajawahi kumshirikisha hata mwenzake wa chumba kwenye kununua umeme.

Sasa fildi. Hapa ndipo nataka ukae vizuri.

Mwaka 2017, Julai, mimi na wenzangu wawili tulipelekwa kijiji kimoja cha Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ule upande mkavu wa kuelekea bwawa la Mtera. Barua ya chuo ikaenda halmashauri, halmashauri ikatupeleka kwa mtendaji wa kata, wa kata kwa wa kijiji, wa kijiji kwa mwenyekiti. Siku nne za kugonga mihuri. Mkutano wa hadhara ukaitishwa saa nne, ukaanza saa saba. Tulisalimia "kamwene", salamu ya Kihehe, watu wakacheka kwa lafudhi yetu, tukaona tumepokelewa. Tukachora ramani ya kijiji chini kwa majivu na vijiti, tukapanda mti wetu wa matatizo kwenye karatasi kubwa, tukauliza mradi gani utawafaa vijana. Jibu likaja haraka: kuku. Mikono ikanyooka yote. Tukapiga picha.

Wiki iliyofuata tukaitisha mafunzo ya ufugaji wa kuku kwa vijana. Wakaja watatu. Wawili walikuwa na zaidi ya miaka sitini. Wa tatu alikuwa mtoto wa mwenyekiti, na nadhani alitumwa.

Nilikasirika, nikaandika kwenye daftari kwamba "vijana wa kijiji hiki hawana mwamko". Sentensi hiyo ninayo mpaka leo, huwa naisoma nikianza kujiona mjuzi. Jioni yake nilikwenda kununua vocha, nikakuta vijana tisa kijiweni wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikakaa. Sikuuliza chochote kwa muda mrefu kwa sababu mmoja alikuwa anakaribia kuingiza kingi, yaani kufikisha kete yake mwisho wa ubao. Baadaye yakatoka yenyewe. Siku ya mkutano wengi wao walikuwa Pawaga kwenye vibarua vya kuvuna mpunga, wengine Mtera kwenye samaki. Mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi ni mkutano wa wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Waliokuwepo waliwasemea. Na kuku? Dereva bodaboda mmoja akaniambia, "Bro, kuku ni wa mama. Kideri kikipita Septemba hapa hakibaki hata cha kuwikia. Wewe umeleta mafunzo ya banda, chanjo umeleta?"

Hatukuwa tumeleta. Hatukujua hata kwamba chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ni tone moja la jicho linalorudiwa kila miezi mitatu, na kwamba shida ya pale ilikuwa chupa: chupa moja inachanja kuku wengi, ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo mwenye kuku wanane hainunui peke yake. Tatizo likawa kuwaweka watu pamoja siku moja, saa moja, wachangie chupa. Hiyo ndiyo maendeleo ya jamii yenyewe, nasi tulikuwa tumeiruka tukakimbilia banda.

Basi kwa nini mikono ilinyooka? Kijijini mgeni hakataliwi hadharani. "Ndiyo" ya mkutanoni mara nyingi ni adabu tu. Kama kuna kitu kimoja ambacho miaka mitatu ya digrii hii inapaswa kukupa, ni sikio la kutofautisha ndiyo ya adabu na ndiyo ya mtu anayekuja kesho na jembe lake. Vitabuni halipo, na mhadhiri hakupi. Linapatikana kwa aibu kama ile yangu.

Na Isimani ina sababu ya ziada. Mzee mmoja kati ya wale wawili wa mafunzo aliniambia nikimsindikiza, "Maendeleo yalishakuja hapa, mwanangu. Yalikuja na gari." Nilidhani utani. Baadaye nikasoma. Isimani ilikuwa eneo la mahindi na matrekta, lenye wakulima wakubwa, na wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa pale siku ya Krismasi 1971 na mkulima, Saidi Mwamwindi, kwenye shamba la mkulima huyo. Mwamwindi mwenyewe aliubeba mwili kwa gari mpaka polisi, na akahukumiwa kunyongwa. Sasa fikiria: unafika mahali penye kumbukumbu hiyo, umeshika karatasi na kalamu za rangi, unasema "tumekuja kuwashirikisha". Mzee wa pale anakunyooshea mkono haraka sana, uondoke salama.

Ukishuka kusini zaidi, Ruvuma, kuna hadithi ya upande wa pili. Kijiji cha Litowa watu walianza kuishi na kulima pamoja 1960, kabla hata ya Uhuru na miaka saba kabla ya Azimio la Arusha. Vikaongezeka vijiji, wakaunda Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, wakiamua mambo yao wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja huo. Kwa hiyo huku kwetu kusini kuna watu waliojipanga wenyewe wakavunjwa, na kuna watu waliopangwa kwa nguvu damu ikamwagika. Darasani tulipewa dakika kumi za mambo haya, katikati ya nadharia za Ulaya ambazo nimeshazisahau. Kwangu mimi hii ni sababu tosha ya kuisoma kozi hii Iringa kuliko Dar.

Sababu nyingine ni chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Mkoa wenye mahindi, maharage, viazi, maziwa, mboga! Wa Uhasibu atakwambia mapato yapo, na kweli yapo. Lakini nenda nyumba moja mwezi wa pili, angalia mama anatoka shamba saa ngapi, mtoto anakula mara ngapi kwa siku na kapikiwa na nani (mara nyingi dada yake wa miaka saba), maharage yamekwenda wapi, na jioni ya ulanzi (pombe ya mianzi) pesa imeshikwa na nani. Hapo utaona kwamba kuongeza gunia hakutatui kitu. Kazi ya kuyafuata maswali hayo nyumba kwa nyumba ni yetu.

Kuhusu vijana, maana uliandika kwamba ndiko unakotaka kujikita. Nikuonye, kwenye mtalaa tulipata kozi mbili tu za vijana, nyembamba. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana inamhesabu kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35. Binti wa miaka 16 aliyeishia darasa la saba na kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na baba wa watoto wanne mwenye miaka 34, wote ni kundi moja kwenye ripoti yako. Usikubali kuandika "vijana" bila kuuliza yupi. Halafu wasichana hawapo kijiweni. Mimi ilinichukua mwaka mzima wa kazi kujua kwamba wanapatikana kisimani, kwaya na saluni, na kwamba kama mwanaume siendi peke yangu, naenda na mhudumu wa afya wa jamii ambaye mama zao wanamjua.

Kazini muda wako mwingi utaliwa na mikopo ya asilimia 10. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vya wanawake vinarejesha, tena kwa fahari. Vya vijana vinaniumiza kichwa. Vingi huzaliwa wiki ya tangazo la mkopo: watu watano, katiba waliyonakili ya kikundi jirani (nimewahi kukuta jina la kile kikundi kingine halijafutwa), akaunti, muhuri. Pesa ikiingia wanagawana, mmoja anakwenda Tunduma, simu haipatikani. Siku hizi nikiletewa katiba huwa siisomi kwanza. Nauliza: kabla ya mkopo mlishawahi kufanya nini pamoja? Waliowahi hata kumzika mzazi wa mwenzao kwa kuchangishana, hao nakaa nao.

Ajira nisikudanganye. Mwenye digrii anaingia kama Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, na nafasi zikitangazwa mnakuwa wengi kupita kiasi. Mimi nilikaa nyumbani miaka miwili na miezi, nikakusanya takwimu kwa vibarua vya mashirika, nikauza viazi. Mashirika nayo si nguzo ya kuegemea: misaada ya nje ilipokatwa mwanzoni mwa 2025, wenzangu wanne wa darasa moja walirudi nyumbani ndani ya mwezi. Kilichonibeba ni takwimu ileile ya sapu. Ukijua kupanga dodoso kwenye simu na kusafisha data kwenye Excel, unaitwa vibarua hata kama hawapendi sura yako. Na usiwadharau wa astashahada na stashahada waliotoka vyuo vya maendeleo ya jamii, Ruaha hapo Iringa au Uyole huku Mbeya. Aliyenifundisha kuandika muhtasari wa kikao unaosomeka ni dada mmoja wa stashahada.

Kwa hiyo uende? Kama lengo lako ni mshahara wa haraka na kiti chako mwenyewe ofisini, hamia Uhasibu, na sisemi kwa kejeli, halmashauri inawahitaji. Kama ulipokuwa unasoma habari ya drafti ulitaka kujua kingi iliingia au haikuingia, njoo Iringa. (Iliingia.) Fildi usiombe mjini wala kwenye wilaya ya nyumbani kwenu ambako shangazi atakupikia. Omba mbali. Na bumu (pesa ya mkopo wa chuo) la kwanza usikimbilie simu, nunua koti zito kwenye mitumba ya Mashine Tatu, maana Juni ya Iringa haina mchezo.

Uliuliza pia kuhusu hosteli na kupanga mtaani, nitajibu keshokutwa. Kesho nina kikao cha marejesho na vikundi vitatu, na kimoja kimeshaanza kunipigia simu kuomba udhuru. Maswali ulizia hapahapa kwenye uzi huu wa jukwaa, meseji za pembeni zimejaa maandiko ya miradi ya kuku.