Nyumba ya uani kwa ajili ya mama: anza na choo kabla ya kuta

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kumjengea mama chumba na sebule nyuma ya nyumba ya familia hapa Mwanza, jibu langu ni kwamba inafaa sana. Mimi nilijenga ya namna hiyo Isamilo, mama yangu alipoanza kushindwa na ngazi, na laiti ningejua, ningechunguza majitaka yatakwenda wapi kabla ya kununua tofali la kwanza.

Milima yetu ni mawe. Msingi haukunisumbua, maana mwamba wenyewe ulibeba kuta, lakini shimo la choo halikuvuka mita moja na nusu, sururu zikagoma. Fundi akashauri tuunganishe choo kipya na shimo la zamani la nyumba kubwa, nami nikakubali. Mvua za Machi zilipokolea shimo likafurika, kwa kuwa mwamba haunyonyi maji, na uchafu ukatiririka kupita mlangoni kwa mama hadi kwa jirani wa bondeni. Jambo hilo liliniumiza kuliko fedha zote nilizopoteza.

Kwa hiyo nenda kwanza MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, ukaulize kama bomba la majitaka linapita karibu nawe, kwa sababu kwenye miteremko kama ya Igogo na Mabatini yamelazwa mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba. Kama halipo, jenga tangi lililozibwa vizuri, mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya majitaka utafika. Wengi hujaza ua kwa kuta, kisha gari linabaki barabarani.

Kibali cha ujenzi kiombe halmashauri hata kama ni chumba kimoja. Ikiwa kiwanja chako kiko ufukweni, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Weka mifereji kwenye bati tangu mwanzo: paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya takribani lita 600, nazo ni ndoo nyingi ambazo mama hatazibeba. Sakafu ya mlangoni iwe sawa na ua, pasiwe na kizingiti. Dirisha lake nililielekeza kwenye chumba chetu cha kulala, ili akiita usiku tumsikie.