Mtoto kiziwi: alama kwanza, Cued Speech baadaye

Ukiniuliza uanze na kipi kwa mtoto kiziwi, lugha ya alama au Cued Speech (ishara za mkono zinazofuatana na maneno unayoyasema), nitakujibu kabla hujamaliza swali: lugha ya alama. Nasema hivyo nikiwa mama ninayetumia vyote viwili na binti yangu kiziwi, hapa Maryland, Marekani. Wazazi wenzangu wa Dar na Tanga wakiona video zetu WhatsApp hudhani ule mkono unaochezacheza karibu na mdomo wangu nao ni lugha ya alama. Sivyo, ile ni Cued Speech.

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafumba na kufumbuka vilevile mara zote tatu. Anayetegemea kusoma midomo anabaki kubahatisha: ameitwa baba, au ametajwa samaki mla watu? Tatizo hilo ndilo R. Orin Cornett alilolitafutia dawa mwaka 1966 akiwa Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Lililomsumbua hasa ni kuona viziwi wengi wakisoma vitabu kwa shida.

Akabuni Cued Speech. Unaongea kama kawaida, mkono unafuatana na kila silabi: umbo la vidole linaonyesha konsonanti, na mahali mkono ulipo panaonyesha irabu. Kwa Kiingereza cha huku kuna maumbo 8 na sehemu 4, yaani mdomoni, kidevuni, kooni na pembeni mwa uso. P ni kidole cha shahada peke yake, B ni vidole vinne bila gumba, M ni kiganja wazi chenye vidole vyote vitano. Misingi yake unaishika kwa siku chache. Kasi ndiyo kazi. Miezi ya mwanzo mkono wangu ulikuwa unaachwa nyuma na mdomo, na binti yangu ananisubiri kwa uso wa mwalimu mkali.

Lakini hii si lugha mpya. Ni Kiingereza kilekile, ila kinaonekana. Lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. William Stokoe, naye wa Gallaudet, alilionyesha hilo mwaka 1960. Katika alama za Marekani nyusi zikipanda, sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana. Nyusi tu!

Kwetu Cued Speech imefaa zaidi kwenye kitabu: vina vya mashairi, tahajia, majina ya watu. Nimeijaribu hata kwa Kiswahili, na ba-be-bi-bo-bu zetu zinakaa vizuri mkononi. Ila tukienda kwenye mkusanyiko wa viziwi, mikono yote pale inaongea alama. Marafiki, utani, ugomvi, umbea: vyote viko huko. Binti yangu angekuwa na Cued Speech pekee, angezungumza na mimi na mwalimu wake, basi.

Kuna shangazi atakuambia mtoto akizoea alama hatasema kamwe. Maneno hayo ni ya zamani. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua alama zitoke darasani, na ni mwaka 2010 tu, Vancouver, Kanada, ambapo mkutano wa aina hiyohiyo uliukana uamuzi ule. Usimnyime mwanao lugha miaka yake ya mwanzo kwa kusubiri sauti.

Kwa mliopo nyumbani hesabu ni nyepesi zaidi. Mwalimu wa Cued Speech utamtafuta wapi? Wa alama wapo: ulizia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), ulizia shule za viziwi kama za Buguruni na Tabora, au mtafute kiziwi mtu mzima wa mtaani kwenu awe anakuja nyumbani. Kenya, Katiba ya 2010 imeiweka lugha ya alama miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Na jifunzeni alama za hapo mlipo, si za YouTube ya Marekani. Binti yangu alipokutana na vijana viziwi wa Tanga walielewana, ila kwa kusimamasimama sana mwanzoni.

Kwenye masomo hayo mchukue na bibi. Mama yangu alianza na "maji", "chai" na "njoo", sasa anamsema mjukuu wake kwa mikono hadi wageni wanageuka. Cued Speech iache mpaka mtoto aanze kusoma. Hapo ukiipata, anza na B, P na M.