Kabla hujanunua taa za nyumba yako mpya, soma hii kwanza

Jana usiku msomaji mmoja alinitumia picha ya sitingirumu yake mpya huko Kiamunyi, Nakuru, jipsamu imekaa fiti kabisa, akaniuliza, "Dadangu, niweke taa gani? Fundi anasema nyeupe kila mahali." Nilicheka halafu nikanyamaza, juu hiyo njia nimeipita.

Sisi tulimaliza nyumba hapa Mamboleo pesa ikiwa imebaki ya chumvi. Nikaingia duka moja Kisumu mjini, nikaona pakiti moja ya balbu imeandikwa 3000K, ingine 6500K, bei ni ileile. Sasa mimi K naijua ile ya mshahara, nikajiambia nani achukue elfu tatu akiwachiwa sita na nusu? Nikabeba kumi na nane.

Mama mkwe akaja toka Siaya, akafika giza limeingia. Akasimama mlangoni ameziba macho na mkono, akauliza, "Mama Achieng, hapa ndio mnakaa ama ndio mnalazwa?" Watu wakacheka, na mzee wangu ndio alicheka kuliko wote. Lakini ukiangalia vizuri hakudanganya, sisi wote tulikuwa tumepauka kama tumetoka kusaga unga.

K ni kelvini, inapima rangi ya mwanga, si nguvu. Namba ikipanda taa inakuwa nyeupe mpaka inaelekea bluu, ikishuka inakuwa njano. Zile balbu za waya tulizokua nazo zilikuwa kama 2700, mshumaa ni karibu 1900. Ukitaka kujua inaangaza kiasi gani soma lumeni, LED ya wati 9 inatoa kama 800, karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60.

Kwa hivyo sitingirumu na bedirumu weka 2700 ama 3000, basi. Jikoni 4000 iko sawa, lakini usiniwekee moja katikati ya dari, maana ukisimama kukata sukuma wiki mgongo wako unaziba taa na unakatia ndani ya kivuli chako mwenyewe, nina alama kwa kidole. Weka ingine chini ya kabati. Nje kwa veranda weka njano, sana sana kama uko karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani tunaita sam wakiona taa nyeupe ni sherehe, asubuhi unawazoa na kijiko cha taka.

Na wanawake wenzangu, tuache kuamuliwa na fundi! Yeye akilipwa anaenda kwake. Uliza, soma pakiti, nunua balbu moja kwanza uijaribu usiku.

Mama mkwe alirudi juzi, balbu tukiwa tumeshabadilisha. Alivua viatu, akanywa chai vikombe viwili, akalala kwa kochi mdomo wazi. Kuhusu taa hakusema kitu, na nilimngojea mpaka akapanda matatu.